Hofu Iliyokosea Njia: VVU, Sinia Moja na Wembe wa Jando

Msimu wa mabibo unapofika wilayani Tunduru, mkoani Ruvuma, uraka, kinywaji cha mabibo, huuzwa kwa kikombe kinachozunguka. Mmoja hunywa, hufuta mdomo kwa kiganja, kisha humpa jirani yake. Harusini, sinia moja la wali huwekwa katikati ya watu sita, kila mmoja akila upande wake. Msibani, ndoo moja ya maji na kata moja huwatosha wote waliokaa mkekani. Hapa kula peke yako bila sababu huonekana kama kununa. Ndiyo maana habari ikianza kunong'onwa kwamba fulani "ana ngoma", yaani ana VVU, swali linalotangulia mengine yote ni la kikombe na sinia: tutaendelea kula naye?

Maswali mengine hufuata. Jasho la mchimbaji mwenzako shimoni je? Mbu aliyemuuma yeye kisha akaja kuniuma mimi? Choo cha shimo cha nyumba ya kupanga? Mashine ya kinyozi? Shuka la nyumba ya wageni? Kuosha maiti? Mengi kati ya hayo yanajibiwa kwa neno moja: hapana. Mengine yanahitaji maelezo marefu kidogo, na machache yana tahadhari ya kweli ndani yake. Shida ni kwamba barazani yote hutiwa kapu moja. Matokeo yake watu huogopa pasipo na hatari, na penye hatari hupita bila kuangalia.

Wilaya yenyewe ni ya watu wanaokuja na kuondoka. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu wakazi zaidi ya 400,000. Kusini kuna Mto Ruvuma na Msumbiji; katikati kuna mashamba ya korosho yanayovuta vibarua na wanunuzi kila msimu. Katikati ya miaka ya 1990 yalipogunduliwa madini ya vito, vijana kutoka kila kona ya nchi walimiminika kwenye mashimo ya kandokando ya Mto Muhuwesi, na wanunuzi wakaja kutoka Thailand na Sri Lanka. Pesa ya msimu, wageni, nyumba za kulala wageni na vilabu: mahali pa namna hiyo ugonjwa huongelewa sana, na mara nyingi huongelewa kwa kumnyooshea mtu kidole.

Hofu hii haikuzuka hewani. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Watu wa huko waliuita Juliana, jina la kitambaa cha mtindo kilichoingia na wafanyabiashara kutoka Uganda. Kufikia mwaka 1986 mikoa yote ya Bara ilikuwa imeripoti wagonjwa. Wauguzi na ndugu waliona mtu akikonda, akiharisha, akitoka vidonda mdomoni na vipele mwilini, na hakuna aliyeweza kuwaambia kwa uhakika ugonjwa huo ulipita wapi. Tanzania ilianza kugawa bure dawa za kufubaza virusi mwaka 2004. Kwa miaka 21, basi, mwananchi wa kawaida alimwona mgonjwa wa UKIMWI akielekea njia moja tu, ya makaburini. Mabango ya kipindi hicho yalitisha zaidi kuliko yalivyofundisha. Aliyekuwa kijana wakati ule leo ni bibi au babu mwenye sauti katika ukoo, na aliyoyaona hayajamtoka. Kumcheka si haki. Kinachotakiwa ni kumweleza yaliyogunduliwa tangu wakati ule, na yaliyogunduliwa ni mengi.

Wanasayansi nao waliuliza swali la sahani mapema sana. Mwaka 1986 madaktari wa hospitali ya Montefiore, mtaa wa Bronx jijini New York, walichapisha matokeo ya uchunguzi wa familia za wagonjwa 39. Waliwapima watu 101 walioishi nao nyumba moja bila kuwa wapenzi wao. Nyingi zilikuwa familia maskini zilizobanana kwenye vyumba vichache. Walitumia vyoo na vitanda vilevile, walikunywa kwa glasi zilezile, walibadilishana taulo na vichana, wapo hata waliotumia mswaki au wembe mmoja na mgonjwa. Walikumbatiana, walibusiana, waliwaogesha na kuwalisha. Kati ya watu wote 101, mmoja tu alikutwa na virusi: mtoto mdogo ambaye ushahidi ulionyesha kwamba alivipata kwa mama yake wakati wa kuzaliwa.

Mwaka huohuo matokeo mengine yalitoka Kinshasa, kwenye mradi uliojulikana kama Projet SIDA, uliokuwa ukiongozwa na daktari Mmarekani Jonathan Mann. Huko walilinganisha nyumba zenye mgonjwa na nyumba zisizo na mgonjwa. Tofauti kubwa ilionekana kwa wenzi wa ndoa. Kwa wakazi wengine wa nyumba, kuishi na mgonjwa hakukuonekana kuongeza hatari. Hapa si Marekani tena, ni Afrika ya joto, ya maji ya kuteka na chumba kimoja kwa watu wengi, na jibu lilifanana na la Bronx.

Tangu hapo imepita miaka karibu 40. Katika muda huo mabibi wa Afrika Mashariki wamelea wajukuu wenye VVU, wamekula nao, wamelala nao kitanda kimoja na kuwafuta makamasi. Kama sahani ingekuwa njia ya maambukizi, ugonjwa huu ungekwisha kuwapitia wote waliowauguza ndugu zao, kijiji kwa kijiji. Haikutokea hivyo.

Sababu iko katika kirusi chenyewe. VVU haviwezi kuongezeka nje ya chembe hai za mwili wa binadamu, na si chembe zozote tu. Vinatafuta hasa chembe nyeupe za damu zinazoitwa CD4. Vipo vya kutosha kuambukiza katika damu, shahawa, majimaji ya ukeni, majimaji ya njia ya haja kubwa na maziwa ya mama. Ili vimwingie mtu mwingine, ni lazima majimaji hayo yafike kwenye damu yake, kwenye kidonda kibichi, au kwenye utando laini wa ndani kama wa uke, uume au njia ya haja kubwa. Ngozi nzima havipiti. Juu ya meza, kwenye shuka au kwenye kiti cha basi, virusi ni kama korosho iliyodondoka juu ya mwamba: mbegu ipo, ila haina pa kuotea. Majaribio ya maabara yanaonyesha kwamba damu yenye virusi ikiachwa ikauke, kati ya asilimia 90 na 99 ya virusi vyake hupoteza nguvu ndani ya saa chache.

Mate yana kinga ya ziada. Yana protini zinazozuia virusi, na uhaba wa chumvi ndani yake hupasua chembe nyeupe zinazovibeba. Kwa hiyo kikombe cha uraka, kijiko, kata ya maji, filimbi ya refa na busu la shavuni havina hatari. Jasho, machozi, makamasi, mkojo na kinyesi bila damu ndani yake vilevile. Anayebangua korosho kwa mkono, ambaye mafuta ya ganda yamemchubua vidole, anaweza kula sinia moja na mtu mwenye VVU. Kidole kilichochubuka hakivuti virusi kutoka kwenye wali. Choo cha shimo kina magonjwa yake ya kuogopwa, kipindupindu na minyoo, na VVU havimo.

Mbu anastahili aya zake mwenyewe, kwa sababu Ruvuma ni mkoa wa malaria, na hoja ya watu ina mantiki: ikiwa mbu hubeba malaria kutoka kwa mtu mmoja hadi mwingine, kwa nini asibebe VVU? Jibu ni kwamba mbu hafanyi kazi kama sindano. Ana njia mbili ndani ya mdomo wake, moja ya kunyonyea damu na nyingine ya kutemea mate. Anapouma huingiza mate yake, hamwagi damu ya mtu wa jana. Kijidudu cha malaria kimejaliwa kuishi ndani ya mbu: hutoka tumboni, huzaliana, na baada ya siku kadhaa husafiri hadi kwenye tezi za mate na kusubiri mtu mwingine. VVU havina uwezo huo. Mbu hana chembe za CD4, na virusi vikifika tumboni mwake humeng'enywa pamoja na damu.

Anayetilia shaka maelezo ya maabara anaweza kuwatazama watoto. Mbu hamwachi mtoto. Wanafunzi wa shule za msingi ndio mara nyingi hukutwa na vimelea vya malaria. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2016 hadi 2017 ulikuta VVU kwa asilimia 0.4 ya watoto wa chini ya miaka 15, ilhali kwa watu wazima ilikuwa karibu asilimia 5. Na hao watoto wachache, karibu wote walivipata kwa mama zao. Mbu angekuwa msambazaji, hesabu ingegeuka juu chini. Hoja hiyohiyo ilitumika katika mji mdogo wa Belle Glade, jimbo la Florida, ambako mwaka 1985 kulizuka madai kwamba wingi wa wagonjwa ulitokana na mbu wa mabwawa ya miwa. Wachunguzi wa serikali ya Marekani walipopima nyumba kwa nyumba, hawakukuta maambukizi kwa watoto wa miaka 2 hadi 10, wala kwa wazee wa miaka 60 na zaidi, ambao waliumwa na mbu kama wengine. Waliokuwa nayo walikuwa wa umri wa kujamiiana na wa kuchomana sindano za dawa za kulevya.

Sasa yale yenye uzito. Njia kuu nchini Tanzania ni ngono bila kinga, kisha mama kwenda kwa mtoto wakati wa ujauzito, kujifungua na kunyonyesha. Bila hatua yoyote, kati ya watoto 100 wanaozaliwa na mama mwenye VVU, 15 hadi 45 huambukizwa; mama akitumia dawa vizuri, idadi hushuka chini ya 5. Yanayobaki ni ya damu, na hapo ndipo maisha ya kila siku Tunduru yanapokutana na hatari.

Jando ni la kwanza. Kwa Wayao, Wamakua na jirani zao, mvulana hupelekwa kambini akiwa bado mdogo, na kwa desturi ya zamani ngariba aliwatahiri wavulana kwa kisu kimoja, mmoja baada ya mwingine, dakika chache baina yao. Hapa hakuna damu kavu ya kujifia yenyewe. Ni damu mbichi ikihamia kwenye kidonda kibichi. Siku hizi wazazi wengi hununua wembe mpya kwa kila mtoto, au humpeleka zahanati akatahiriwe kwanza ndipo aingie kambini kwa mafundisho. Desturi haipotezi chochote kwa kufanya hivyo. Mafundisho ya jando yamo kinywani mwa nyakanga na wazee, hayamo kwenye kisu. Na tohara yenyewe ina faida: majaribio matatu makubwa, ya Kisumu nchini Kenya, Rakai nchini Uganda na Orange Farm nchini Afrika Kusini, yalionyesha kufikia mwaka 2007 kwamba hatari ya mwanamume kuambukizwa na mwanamke hupungua kwa takriban asilimia 60. Kupunguza si kuondoa, lakini faida hiyo isiharibiwe kwa wembe wa pamoja.

Chale za mganga zinaingia fungu hilohilo, na kutoga masikio, na kuchora tatuu. Kila kinachokata ngozi kiwe kipya, au kiwe kimechemshwa au kutakaswa kwa dawa.

Kinyozi hana uzito kama wa ngariba. Mashine hukata nywele, haikati nyama. Hatari ya VVU ni ndogo mno, na kufuta meno yake kwa spiriti kunatosha. Wembe wa kunyolea ndevu ni mwingine, na hapa mtu asiwaze VVU peke yake. Virusi vya homa ya ini aina ya B huishi kwenye damu iliyokauka kwa siku 7 au zaidi na huambukiza kwa urahisi kuliko VVU. Watoto wa Tanzania wamekuwa wakichanjwa dhidi yake tangu mwaka 2002. Wengi waliozaliwa kabla ya hapo hawakuipata chanjo hiyo. Mtu anayekataa sinia la jirani kwa hofu ya VVU, kisha akaazima wembe wa rafiki yake, amejikinga na kisichokuwepo na kuacha kilichopo.

Sindano ni kisa kingine. Mhudumu wa afya akichomwa kwa bahati mbaya na sindano yenye damu ya mtu mwenye VVU asiyetumia dawa, hatari ya kuambukizwa ni takriban mara 3 katika ajali 1,000. Ni hatari ndogo kuliko watu wanavyodhani, hata pale ambapo chuma chenye damu kimeingia ndani ya mwili. Lakini bomba la sindano lililofungika huhifadhi unyevu, na humo virusi vimewahi kudumu kwa wiki kadhaa kwenye majaribio. Watoto wanaookota mabomba jalalani waambiwe hilo wazi, na anayechomana sindano na wenzake asidanganyike na muda uliopita.

Kuna jambo ambalo ni haki kulisema ingawa ni nadra. Huko Marekani waliripotiwa watoto wachache walioambukizwa baada ya mlezi mwenye VVU kuwatafunia chakula kabla ya kuwalisha. Inaaminika kwamba haikuwa mate. Ilikuwa damu ya fizi zilizochubuka, iliyochanganyika na chakula na kukutana na fizi za mtoto anayeota meno. Nyumba nyingi bado bibi humtafunia mjukuu. Kusaga kwa kinu au kuponda kwa kijiko kunatosha. Vilevile mtoto asinyonyeshwe na mwanamke mwingine ambaye hali yake haijulikani, hata akiwa shangazi.

Maiti ioshwe. Hakuna sababu ya kumnyima Muislamu josho lake kwa kuwa alikuwa na VVU, wala ya kumzika Mkristo kwa haraka ndani ya nailoni. Virusi vinaweza kubaki hai ndani ya maiti kwa muda, hasa kwenye ubaridi wa mochwari, lakini havirushwi hewani wala havipenyi ngozi nzima. Waoshaji wavae glavu, wazibe vidonda vyao kwa plasta, waepuke kurusha maji yenye damu, wamalize kwa kunawa kwa sabuni. Wafanye hivyo kwa kila maiti, bila kuuliza alikufa na nini, maana wengi hufa bila hali yao kujulikana. Mkunga wa jadi anayekutwa na uzazi wa ghafla njiani afuate utaratibu huohuo.

Na kama ni kuogopa hewa ya chumba, basi iogopwe kwa ajili ya kifua kikuu. Huo ndio ugonjwa unaopita kwa pumzi, unawawahi watu ambao kinga yao imeshuka, na unapenda vyumba vilivyofungwa. Anayekohoa zaidi ya wiki mbili apimwe makohozi, awe na VVU au asiwe navyo. Madirisha yafunguliwe. Mgonjwa wa kifua kikuu aliyeanza dawa huacha kuambukiza wengine baada ya wiki chache, na hilo nalo watu wengi hawajaambiwa.

Mabadiliko makubwa zaidi ya miaka hii yameletwa na dawa. Mwaka 2011 utafiti uliopewa jina la HPTN 052, uliofuatilia jozi 1,763 za wapenzi ambao mmoja ana VVU na mwingine hana, katika nchi tisa ikiwemo Kenya, ulionyesha kwamba kuanza dawa mapema kulipunguza maambukizi kwa mwenzi kwa asilimia 96. Miaka mitano baadaye ukaja utafiti wa Ulaya uitwao PARTNER. Uliwafuata wapenzi waliojamiiana bila kondomu takriban mara 58,000, yule mwenye VVU akiwa anatumia dawa na virusi vyake vimefubaa. Hakupatikana hata mmoja aliyeambukizwa na mwenzi wake huyo. Kwa maneno mengine, mtu anayemeza dawa zake kila siku hadi kipimo kisione virusi kwenye damu hamwambukizi hata mke au mume wake anayelala naye. Baada ya kulijua hilo, kumtengea kikombe chake kabatini hakuna maana yoyote ya kiafya.

Watu hao si wachache. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022 hadi 2023 ulikuta VVU kwa asilimia 4.4 ya Watanzania wa miaka 15 na zaidi. Kati yao, asilimia 82.7 walijua hali yao. Kati ya wanaojua, asilimia 97.9 walikuwa kwenye dawa; na kati ya walio kwenye dawa, asilimia 94.3 virusi vyao vilikuwa vimefubaa. Ukizisoma takwimu hizo kwa utulivu utaona hatari imejificha wapi. Haiko kwa jirani anayejulikana kuwa anahudhuria CTC, kliniki ya matibabu ya VVU. Iko kwa wale wasiojua hali zao, ambao huenda wanakula sinia moja na kila mtu bila kutiliwa shaka, wakaambukiza kitandani.

Hapo ndipo unyanyapaa unapoleta madhara ambayo wenye hofu hawakuyakusudia. Mtu aliyetengewa sahani huanza kuficha. Hutoa vidonge kwenye kopo lake kwa sababu kopo lina mlio, akavifunga kwenye kipande cha nailoni. Wageni wakija, dozi huahirishwa. Wahudumu wa kliniki nchini wanawafahamu wateja wanaoiruka zahanati ya kijijini kwao ili wasionwe, wakaenda mbali kuchukua dawa. Kwa mtu wa Tunduru, mbali maana yake ni Masasi au Songea, na Songea ni zaidi ya kilomita 250. Nauli ikikosekana mwezi mmoja, dawa imekatika. Dawa ikikatika, virusi huamka na kupanda, na yule ambaye jana hakuweza kumwambukiza mwenzi wake, kesho anaweza. Sahani iliyotengwa kwa nia ya kuilinda familia imeirudishia hatari iliyokuwa imeondoka.

Watoto ndio hulipa gharama kubwa. Jijini Nairobi, kituo cha Nyumbani, kilichoanzishwa mwaka 1992 na Padre Angelo D'Agostino kulea watoto yatima wenye VVU, kililazimika kwenda mahakamani kwa sababu shule za umma zilikataa kuwapokea watoto wake. Ni mwanzoni mwa mwaka 2004 ndipo serikali ya Kenya ilipokubali waandikishwe. Huku kwetu, mwanzoni mwa miaka ya 2010, iliripotiwa kwamba wanafunzi wenye VVU wa shule moja ya msingi Kibaha walishonewa alama nyekundu kwenye sare, ikielezwa kuwa ni ili wasipewe kazi nzito. Hata kama nia ilikuwa njema, mtoto aliyevaa alama hiyo alitangazwa kwa shule nzima na kwa kila aliyepishana naye barabarani.

Sheria inakataza mambo hayo. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inapiga marufuku kumnyanyapaa au kumbagua mtu kwa sababu ya VVU, kumnyima huduma, na kutoa siri ya majibu yake. Marekebisho ya mwaka 2019 yaliruhusu mtu kujipima mwenyewe na kushusha umri wa kupima bila ridhaa ya mzazi hadi miaka 15. Hata hivyo sheria haikai jikoni. Jikoni anakaa mama mkwe, dada, wifi na jirani, na mifano inayowageuza ni ya watu waliotangulia kuthubutu. Mwaka 1987 binti mfalme Diana aliingia wodi ya wagonjwa wa UKIMWI katika hospitali ya Middlesex, London, akampa mgonjwa mkono bila glavu, na picha hiyo ikazunguka dunia. Mwaka huohuo nchini Uganda Noerine Kaleeba, aliyemuuguza mumewe hadi akafariki, alianzisha na wenzake TASO, shirika la kuwasaidia wenye VVU. Miaka miwili baadaye Theresa Kaijage akaanzisha shirika la namna hiyo, WAMATA, hapa Tanzania. Hawa waliwashika wagonjwa mikono wakati ambapo hapakuwa na dawa. Leo dawa ni kidonge kimoja kwa siku, na bado kuna nyumba ambamo kijiko kimewekewa alama.

Kwa msomaji mwenye wasiwasi, hatua ni hizi. Aliyekula, aliyekunywa, aliyekumbatia, aliyelala chumba kimoja au kuumwa na mbu hana haja ya kupima kwa sababu hiyo. Aliyejamiiana bila kinga na mtu ambaye hali yake haijulikani, aliyechomwa na sindano, au aliyekatwa kwa wembe wenye damu ya mwingine, asisubiri kesho kutwa: afike hospitali ya wilaya, hospitali ya Mbesa au kituo cha afya kilicho karibu ndani ya saa 72, bora zaidi ndani ya saa chache, aulizie dawa za kuzuia maambukizi zinazomezwa kwa siku 28. Muda huo ukipita, dawa hizo hazina msaada. Kipimo cha kwanza kinaweza kisionyeshe maambukizi mapya kwa wiki kadhaa, kwa hiyo kirudiwe baada ya miezi mitatu. Kupima ni bure katika vituo vya serikali, na dawa ni bure.

Na mzazi anayeandaa mtoto kwa jando la mwaka huu amuulize ngariba swali moja kabla ya kumkabidhi mwanawe: kila mtoto ana wembe wake? Kama jibu si la moja kwa moja, ampeleke zahanati kwanza.